Tuanze uani au barazani? Nyumba ya mawe ya Wete na unyevu usiokwisha

Mzee wetu mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba, na mume wangu ni mtumishi wa serikali anayekwenda Chake Chake kila siku kwa kazi zake. Mwaka jana mirathi ya babu yake mzaa baba ilikamilika, na ndugu wakakubaliana kwamba wao wachukue mashamba ya mikarafuu na sisi tuchukue nyumba ya mjini. Ni nyumba ya zamani ya mawe na udongo iliyopigwa lipu ya chokaa, yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, vyumba vinne, ukumbi katikati, baraza mbele, na nyuma yake ua mkubwa wenye kisima na mwembe. Paa ni la mabati yanayomimina maji mbele na nyuma, na dari ni la boriti. Imejengwa kwenye mteremko, upande wa uani ukiwa ndio wa juu.

Baada ya babu kufariki nyumba ilipangishwa kwa miaka mingi. Mpangaji mmoja, naamini kwa nia njema, alibandua chokaa yote ya chumba cha nyuma akakipiga saruji na kukipaka rangi ya mafuta. Leo hicho ndicho chumba kibaya kuliko vyote. Katika vyumba vingine unyevu unafika magotini, lakini mle umepanda mpaka mabegani. Rangi imevimba kama malengelenge, na ukibonyeza kwa kidole inapasuka na kumwaga unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Hatuwezi kuweka godoro wala kabati. Kuna pia ufa sebuleni unaoanzia pembe ya dirisha kuelekea juu, na sarafu inaingia ndani yake kwa ubavu.

Fedha zetu ni za mshahara, hivyo tumenuia kufanya wenyewe kila tuwezacho katika siku za mapumziko, kwa msaada wa watoto wetu wakubwa. Tatizo ni kwamba kila mtu ana rai yake. Mume wangu anataka tuanze mbele ili Idi ijayo wageni wakute baraza ina vigae vipya, geti limesimama, na ua wote umetandikwa pevingi mpaka ukutani, kwa hoja kwamba pevingi itazuia tope na unyevu. Shemegi yangu, ambaye ni fundi wa matofali, anasema tunatwanga maji kinuni, tuvunje tujenge upya. Mama mkwe amekataza mwembe usiguswe kwa kuwa ulipandwa na marehemu bibi, ilhali matawi yake yamelala juu ya mabati na majani yake yanajaa kila mahali. Anatuambia pia kwamba zamani mlango wa uani ulikuwa na ngazi tatu. Leo imebaki moja tu inayoonekana. Kisima hakitumiki tangu tupate maji ya mfereji, na mume wangu anafikiri tukigeuze karo. Zaidi ya hayo amekuja mfanyabiashara anayeutaka mlango wa mbele wenye nakshi, na bei aliyotaja si haba.

Nakuomba unieleze tuanze wapi, kazi gani tunaweza kuifanya kwa mikono yetu, na kama kweli nyumba hii inafaa kutengenezwa. Masika yanakaribia na sitaki mwaka mwingine upite tukibishana.

Mwalimu, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Umeuliza mambo mengi, na karibu yote yanarudi kwenye maji: yanayoilowesha nyumba hiyo yanaingia wapi, na yameachiwa njia gani ya kutokea. Mpaka hilo lijulikane, vigae na rangi vitakuwa vimebandikwa juu ya ukuta unaolowa. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba muanze nyuma, uani, kwa jembe, sululu na toroli, na baraza ya mbele isubiri. Najua kwamba jibu hili halitamfurahisha bwana wako, kwa sababu kazi ya uani haionekani na mgeni wa Idi, lakini naamini akiifuata hesabu ifuatayo atakubali mwenyewe.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa lenu, kwa vipimo ulivyoniandikia, haliwezi kuwa pungufu ya mita za mraba 108 hata tukiuacha upenu. Siku ya Masika ikitia milimita 50, jambo ambalo si geni Pemba, paa hilo litamwaga lita 5,400, na nusu yake, yaani mapipa 13 na ushei ya lita 200, yataanguka chini ya ukuta wa nyuma ambako ndiko kilipo chumba chenu kibaya. Juu ya hayo ongeza maji yanayoshuka kwenye mteremko kutoka kwa jirani wa juu, kisha ongeza udongo ambao kwa miaka yote hiyo umefagiliwa, umemwagwa na kulundikana mpaka ukazifunika ngazi mbili kati ya zile tatu anazozikumbuka mama mkwe wako. Kauli yake hiyo ndiyo taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote ulizonipa. Maana yake ni kwamba ardhi ya uani imepanda karibu kufikia sakafu ya ndani, pengine kuipita, na ukuta wa nyuma umezikwa ndani ya udongo unaolowa kila mvua inaponyesha.

Kazi ya kwanza basi, na ifanyike kabla mvua za Machi hazijashika, ni kuuondoa udongo huo. Msichimbe urefu wote wa ukuta kwa siku moja. Chimbeni kipande cha mita moja na nusu au mbili, mkitazama mnakokwenda, na mkikuta mawe makubwa yaliyotoka nje kuliko ukuta mjue kwamba mmefika kwenye msingi na hapo ndipo pa kusimama, kwa kuwa nyumba za aina hiyo mara nyingi hazina msingi wa kina na anayechimba chini yake anauondolea ukuta mahali pa kukaa. Lengo ni ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani, shubiri moja ikiwezekana, kisha iteremke kuondoka ukutani kwa sentimita 2 katika kila mita, angalau kwa mita mbili za mwanzo. Mteremko mdogo namna hiyo haupimwi kwa macho. Tumieni mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ambao waashi huujaza maji na kuushika ncha mbili. Watoto wako wakubwa watajifunza kuutumia kwa dakika chache, na wewe kama mwalimu utapata somo la fizikia la bure.

Kwa kuwa upande wa uani ndio wa juu, mteremko huo peke yake utayarudisha maji ya jirani kati ya nyumba na kilima. Hivyo panahitajika mtaro wa kuyakinga, uliochimbwa mbali kidogo na ukuta, mita tatu hivi, unaopinda na kuizunguka nyumba mpaka kwenye mtaro wa barabara. Msiyaelekeze maji kwa jirani wa chini. Ongeeni naye mapema, na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ajue, kwa sababu ugomvi wa maji ya mvua huchelewa kwisha kuliko ugomvi wa mpaka. Kisha wekeni michirizi kwenye upenu wa nyuma na kuyapeleka maji katika tangi, na tangi likijaa liwe na bomba la kumwagia mtaroni. Maji hayo ya mvua mtayahitaji baadaye kwa kuchanganyia chokaa, kwani hayana chumvi, tofauti na maji ya baadhi ya visima vya karibu na pwani.

Kuhusu pevingi, hoja ya bwana wako ina ukweli nusu. Itazuia tope, lakini haitazuia unyevu, na ikifika ukutani itauzidisha. Ardhi iliyofunikwa haiwezi kukauka kwa juu, na maji yaliyo chini yake yatatafuta mahali pengine pa kutokea, nako kutakuwa ni ukutani. Tandikeni njia tu, kutoka mlango wa uani hadi jikoni na kisimani, na mahali pa kuanikia nguo. Kandokando ya ukuta acheni utepe wa nusu mita wa kokoto tupu, usio na kitanda cha maua wala chungu cha kumwagilia. Matone yakidunda kwenye kokoto hayarushi tope ukutani, na ukuta unapata pahala pa kupumulia.

Sasa nije kwenye chumba chenyewe. Ukuta wa mawe na udongo haukuwahi kujengwa ili usiingie maji. Ulijengwa uyanywe na kuyatoa, na lipu ya chokaa ndiyo iliyokuwa njia ya kutokea, kwa kuwa ina vitundu vidogo ambavyo mvuke hupita. Saruji ni ngumu na nzito, haipitishi mvuke kwa kadiri hiyo, na rangi ya mafuta juu yake inamalizia kuziba. Maji yanayopanda kutoka chini yakikosa kutokea magotini huendelea kupanda mpaka yapate upenyo, na ndiyo maana mle yamefika mabegani. Yanapopanda huja na chumvi iliyomo ardhini na katika mawe yenyewe, ambayo kwetu asili yake ni matumbawe. Yanapokauka, chumvi hubaki, hugeuka fuwele, huvimba na kuisukuma lipu. Ule unga mweupe ulioonja ndio huo. Nyuma yake, bila kuonekana, udongo uliowekwa kati ya mawe unalainika na kumong'onyoka kidogo kidogo. Ubaya mkubwa wa saruji uko hapo, kwamba kwa nje ukuta unaonekana imara huku ndani unapoteza kinachoushika.

Saruji hiyo itoke. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti tupu ndipo pa kuanzia, kwa tindo na nyundo ndogo, mkiingia kwa ubavu na si kwa kuchoma moja kwa moja. Mahali iliposhika sana msilazimishe, kwani itatoka na jiwe. Chumvi mtakayoikuta isuguliwe kwa brashi kavu, unga wake uzolewe na kutupwa mbali. Mkiiosha kwa maji mtakuwa mmeirudisha ndani. Baada ya hapo ukuta uachwe wazi. Wengi hushindwa kusubiri, nao wakishaona mawe yamekauka juu hudhani kazi imekwisha, ilhali ukuta wa nusu mita hauwezi kukauka kwa wiki mbili. Uacheni wazi Masika yote, huku mkiangalia kama unyevu unashuka baada ya kazi ya uani. Usiposhuka hata kidogo, basi kuna chanzo kingine, na cha kukitazama kwanza ni bomba la maji lililozikwa sakafuni. Fungeni mifereji yote usiku na msome mita kabla ya kulala na baada ya kuamka.

Lipu mpya ipigwe katika Kipupwe, kuanzia Juni, jua likiwa si kali na mvua zikiwa zimepungua. Chokaa tafuteni iliyochomwa kwenye tanuu na kuzimwa vizuri kwa maji, kisha mwiloweke katika pipa lililofunikwa kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Ile ya unga iliyokaa dukani muda mrefu katika mifuko iliyotoboka imekwisha kuvuta hewa na kupoteza nguvu. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga msafi wa bara, kamwe si wa pwani, ambao utawaletea chumvi mpya mliyohangaika kuiondoa. Kabla ya lipu jazeni mianya kwa vijiwe vidogo na udongo uliochanganywa na chokaa, lowesheni ukuta, kisha pigeni tabaka la unene usiozidi sentimita moja. Tabaka la pili lisubiri la kwanza liwe gumu. Chokaa haikauki kwa kupoteza maji tu, bali hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa ya kaboni, na kazi hiyo inataka unyevu kidogo. Kwa hiyo nyunyizeni maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na dirisha lenye jua litundikwe gunia bichi. Rangi ya mwisho iwe ni chokaa yenyewe iliyozimuliwa nyepesi, mikono mitatu au minne, na si rangi ya mafuta.

Hii yote ni kazi mnayoiweza wenyewe, kwa sharti moja. Chokaa huunguza. Vaeni glavu na miwani, watoto wadogo wasikaribie pipa, na ikiruka jichoni jicho lioshwe kwa maji mengi papo hapo kisha muende hospitali bila kusubiri. Mkiamua kuizima chokaa mbichi wenyewe, basi chokaa ndiyo itiwe ndani ya maji kidogo kidogo. Anayemwaga maji juu ya chokaa huchemkiwa na kurushiwa usoni.

Msichokiweza wenyewe ni boriti. Unaweza kuzikagua: chukua bisibisi, panda ngazi imara, na udunge kila boriti pale inapoingia ukutani, kwa sababu ndipo inapoozea na ndipo mchwa hupandia. Bisibisi ikigoma, boriti ni nzima. Ikizama bila nguvu, weka alama ya chaki na uhesabu. Lakini kuitoa boriti, kutoboa dirisha jipya au kuondoa ukuta unaobeba dari ni kazi ya fundi mzoefu anayejua kuweka nguzo za muda kwanza. Majengo ya zamani huwa hatari zaidi yanapoguswa. Beit el Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na kusimama zaidi ya karne, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Boriti mpya nunueni kwa mwenye kibali, kwa kuwa hutokana na mikoko, nayo haikatwi ovyo. Nyaya za umeme nazo waachieni wenye leseni, hasa katika ukuta unaolowa.

Mwembe ubaki. Mama mkwe wako ana haki, na si kwa sababu ya kumbukumbu tu. Kivuli cha mti huo kinaupunguzia ukuta joto la mchana, na mizizi yake inanyonya maji ya upande wa juu ambayo vinginevyo yangewafikia. Kinachowadhuru ni matawi. Yale yanayolala juu ya mabati yakatwe baada ya msimu wa embe kumalizika, na mkataji awe mtu wa kazi hiyo, mwenye kamba. Michirizi isafishwe majani kabla ya Masika na kabla ya Vuli. Cha kung'olewa bila huruma ni ile miche inayoota ndani ya nyufa za ukuta na juu ya kuta za ua, hasa ya jamii ya mikuyu, ikiwa bado michanga. Ukiuacha mmoja kwa miaka michache mzizi wake utakuwa umeshapasua mawe. Na kuni zilizolundikwa ukutani zihamishwe, maana ndizo ngazi ya mchwa.

Kisima msikifanye karo. Maji machafu mkiyatia humo yatakwenda moja kwa moja kwenye maji ambayo visima vya jirani vinayatumia, na hilo ni dhambi na kosa kwa pamoja. Kijengeeni ukingo wa kufika kiunoni na kifuniko chenye kufuli, na asishuke mtu kukisafisha bila wenye ujuzi, kwa kuwa kisima kilichofungwa muda mrefu huwa na hewa inayoua. Maji yake yatafaa kwa bustani. Bustani yenyewe nisingeipangia mengi: mchaichai kwenye kingo za mtaro, kwa kuwa mizizi yake inashika udongo wa mteremko vizuri, asumini kwenye uzio, si ukutani, mkilua penye kivuli cha mwembe, mrehani na mboga katika kitanda kilicho mita mbili au zaidi kutoka kwenye nyumba. Mlangilangi ni mti mzuri lakini hurefuka sana, kwa hiyo uwe pembeni kabisa. Pandeni mvua zikishaanza, mpumzike kumwagilia.

Shemegi yako msimpuuze. Zipo nyumba zinazostahili kuvunjwa, na njia ya kuanza kuzitambua ni timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Mwombeni yeye mwenyewe aishushe timazi kwenye kila ukuta, ndani na nje. Ukuta ulioinama au uliotoka tumbo katikati kwa zaidi ya vidole viwili vitatu utazamwe na mhandisi kabla hamjatumia hata mfuko mmoja wa chokaa. Kama kuta zimesimama, sioni sababu ya kuubadilisha ukuta wa nusu mita unaotunza ubaridi mchana kutwa kwa ukuta wa tofali moja unaowaka saa nane. Kisha mpeni kazi ya mtaro, ukingo wa kisima na njia ya pevingi, ambayo ni fani yake na humo saruji ina nafasi yake halali.

Kibali muombe Baraza la Mji kabla ya kubadilisha chochote cha nje, na sheha apate nakala. Wasomaji walio Mji Mkongwe, Unguja, wao wana Mamlaka yao ya uhifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985, na hata lipu ya ukuta wa nje wasiiguse kabla ya kuwaona. Jambo jingine nalisema kwa heshima, Mwalimu: mgao wa mirathi uwe umeandikwa na kusainiwa na warithi wote, na mshahara wako unaoingia katika nyumba aliyorithi mume wako uwe na maandishi vilevile. Si kutoaminiana, mnawaepushia watoto wenu kazi ya kukumbuka.

Mlango msiuuze. Fedha yake italiwa na geti ambalo chumvi italila baada yake. Usafisheni kwa kitambaa kibichi na msiusugue kwa msasa ukiwa mkavu, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mkilazimika kukwangua, ulowesheni kwanza.

Umebaki ufa wa sebuleni, na huo sitaujibu kwa mbali. Kabla ya kuuziba ni lazima ijulikane kama bado unatembea. Pachika madonge mawili ya plasta nyembamba juu ya ufa, moja karibu na dirisha na jingine karibu na dari, andika tarehe juu ya kila moja, na pembeni yake chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa rula ya milimita. Andika kipimo hicho kila mwanzo wa mwezi mpaka mwisho wa Juni. Madonge yakibaki mazima, jazeni ufa kwa chokaa mtakapokuwa mnapiga lipu. Yakipasuka, usiguse kitu. Niandikie vipimo vyote, utaje ni donge lipi lililotangulia kupasuka, na kama ufa umepanuka zaidi juu au chini.